Bomba likikauka Nyakabiga, hasara hufika bandarini

NYAKABIGA, BUJUMBURA – Wafanyabiashara wa Ziwa Tanganyika wamezoea kuhesabu gharama za aina nne: mafuta, ushuru, upakiaji na muda wa kusubiri. Ipo gharama ya tano ambayo haiandikwi katika hati yoyote ya forodha, ingawa kila mwenye boti au lori huilipa kwa njia moja au nyingine. Ni gharama ya maji yasiyo salama.

Nyakabiga ni mahali pazuri pa kuanzia hesabu hiyo. Mtaa huo wa komini ya Mukaza unapakana na mto Ntahangwa na uko jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Ni mtaa wenye watu wengi katika eneo dogo: vyumba vya kupanga, wanafunzi, migahawa, mafundi na wachuuzi. Ziwa liko upande wa chini wa mji, na mto unaopita kando ya nyumba hizo humwaga maji na taka zake huko huko ziwani.

Maji ya bomba ya Bujumbura hutolewa na Regideso, shirika la serikali linalosimamia maji na umeme kwa pamoja. Chanzo kikubwa cha maji hayo ni Ziwa Tanganyika lenyewe. Maji huvutwa, husafishwa, hutiwa klorini, kisha husukumwa kwa pampu hadi mitaani. Umeme ukikosekana, pampu husimama. Pampu zikisimama, watu huchukua mabidoni na kuanza kutafuta.

Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada ya dharura, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Familia ya watu sita inahitaji basi lita 90, yaani mabidoni manne na nusu ya lita 20. Bomba likitoka, hilo ni jambo la dakika chache. Bomba likikauka, ni kilo 90 za kubebwa kichwani au kwa baiskeli, ama ni fedha ya kumlipa anayebeba. Familia isiyoweza kulipa hupunguza. Kinachopunguzwa kwanza ni maji ya kunawa mikono, na kinachofuata ni uchaguzi wa chanzo: kisima kilicho karibu, mto, au ziwa.

Mchukue mwenye mgahawa mdogo katika mtaa kama huo. Wateja wake ni wapakiaji wa bandarini, utingo wa lori lililotoka Kobero, baharia wa boti inayoondoka jioni kwenda Kalemie. Siku ambayo maji hayapo, vyombo husuuzwa katika beseni moja mchana kutwa. Mteja hula, hulipa, huondoka. Saa 24 baadaye yuko nchi nyingine.

Ziwa moja, nchi nne

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na linagawanywa na Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Saruji na sukari hupanda kutoka Mpulungu, dagaa na migebuka huvuka kutoka pwani moja hadi nyingine, na mawese huenda kila upande. Kwa mfanyabiashara, ziwa ni barabara isiyohitaji kukarabatiwa.

Kipindupindu nacho kimeitumia barabara hiyo. Ugonjwa huo ulifika Afrika mwaka 1970 katika wimbi la saba la dunia lililoanzia Indonesia mwaka 1961, na mwaka 1978 ulikuwa tayari umeingia Burundi. Tangu hapo mwambao wa ziwa na bonde la Rusizi ndiyo maeneo yanayotajwa kila mara. Utafiti kuhusu Rumonge uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1997 ulionyesha uhusiano kati ya ugonjwa huo na matumizi ya maji ya ziwa, kwa kunywa na kwa kuoga. Tarehe 1 Januari 2023 serikali ya Burundi ilitangaza tena mlipuko, safari hii wagonjwa wa kwanza wakiwa Bujumbura na maeneo ya jirani.

Mfano mkali zaidi ni wa Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho ukingoni mwa ziwa karibu na mpaka. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa walijikuta wamebanwa hapo kati ya mlima na maji. Njia ya kuwatoa ilikuwa ya majini, na meli ya MV Liemba ilifanya safari baada ya safari kuwapeleka Kigoma. Watu walikunywa maji ya ziwa na walijisaidia kando ya ziwa. Katika wiki chache zaidi ya watu 3,000 waliugua kipindupindu na kuharisha kukali, na wapatao 30 walipoteza maisha.

Kagunga ni kijiji cha bara, lakini kwa upande wa huduma ni kisiwa. Kinachoingia na kinachotoka hupita majini, dawa na mafundi huchelewa, na kila mtu hutumia chanzo kimoja cha maji. Vijiji vingi vya mwambao wa Tanganyika viko katika hali hiyo, sawa na wakazi wa Idjwi katika Ziwa Kivu au wa Ukara katika Ziwa Victoria. Ndiyo maana suala la maji salama visiwani linawahusu moja kwa moja watu wa Bujumbura na mizigo yao.

Somo la Uvira

Ng'ambo ya Gatumba, upande wa Kongo, kuna mji wa Uvira. Umekaa kama Bujumbura, yaani milima nyuma na ziwa mbele, na nao hutegemea mtandao wa mabomba wa shirika linaloitwa pia Regideso, lakini la Kongo. Uvira ni miongoni mwa miji ambako kipindupindu hakiishi kabisa.

Watafiti walichukua rekodi za uzalishaji wa maji za mji huo kati ya mwaka 2009 na 2014, wakazilinganisha na idadi ya wagonjwa waliofika katika kituo cha tiba ya kipindupindu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Siku moja bila maji ya bomba, ikilinganishwa na siku ya uzalishaji mzuri, ilifuatiwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa katika siku 12 zilizofuata. Kwa lugha ya dukani, palipotarajiwa wagonjwa 100 walipatikana 255. Kwa jumla, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alihusishwa na upungufu wa maji ya bomba.

Takwimu hizo zinabadilisha swali. Mara nyingi mjadala wa maji katika nchi zetu huwa ni wa kujenga: kilomita ngapi za mabomba, vituo vingapi vya umma, mfadhili gani. Uvira inaonyesha kuwa mji unaweza kuwa na mtandao na bado ukaugua, kwa sababu mtandao unakatika. Maji yanapokatika watu hurudi ziwani na mitoni. Aidha, bomba lisilo na msukumo huweza kufyonza uchafu kupitia nyufa zake, hivyo hata maji ya kwanza yanayorudi si ya kuaminiwa.

Kwa mtazamo wa kiuchumi hii ni habari njema kwa kiasi fulani. Kujenga mtandao mpya ni ghali na huchukua miaka. Kuhakikisha kwamba pampu zilizopo zina umeme, zina vipuri na zina klorini ni jambo la gharama ndogo zaidi. Mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, unaweza kuonekana kama habari ya viwanda tu. Lakini megawati chache zinazoelekezwa kwenye pampu za maji bila kukatizwa ni mradi wa afya, na pia ni mradi wa biashara.

Zanzibar walipita wapi

Swali linalofuata ni kama inawezekana. Zanzibar inatoa sehemu ya jibu.

Visiwa hivyo vilikumbwa na kipindupindu mwaka 1978, mwaka ule ule kilipoingia Burundi. Kikarudi mara nyingi. Maji ya Unguja na Pemba hutoka chini ya ardhi, kwenye chemchemi, visima na mapango. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya mawe ya matumbawe yenye matundu mengi, hivyo kinachomwagwa chooni hakichelewi kufika kisimani. Mlipuko ulioanza mwaka 2015 uliacha wagonjwa zaidi ya 4,000.

Hatua ya kwanza iliyovuta macho ya dunia ilikuwa chanjo. Mapema mwaka 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa katika maeneo sita ya hatari ya Unguja na Pemba. Takriban nusu ya waliolengwa walipata dozi zote mbili. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 ilikadiria kinga ya asilimia 79 kwa waliochanjwa, na hata majirani zao ambao hawakuchanjwa walipata nafuu kwa sababu ugonjwa ulikosa njia ya kupita. Hata hivyo, mlipuko wa 2015 ulithibitisha kuwa chanjo hununua muda tu. Kinga yake hupungua, na watoto wapya huzaliwa kila siku.

Baada ya hapo Zanzibar iliandaa mpango wa miaka kumi wa kutokomeza kipindupindu, unaokwenda hadi mwaka 2027. Mpango huo haukuachwa mikononi mwa wizara ya afya peke yake. Uliunganisha maji, vyoo, taka, chanjo, ufuatiliaji wa wagonjwa na elimu ya jamii chini ya uongozi mmoja wa serikali, na ukatambua mapema maeneo machache ambako ugonjwa hurudi kila mara. Baada ya mlipuko kuisha katikati ya mwaka 2017, visiwa vilipata miaka kadhaa ya utulivu, jambo lisilo dogo kwa uchumi unaotegemea watalii.

Ipo tofauti kubwa ambayo haifai kufichwa. Zanzibar ina serikali moja inayosimamia visiwa vyake vyote. Ziwa Tanganyika lina nchi nne. Bujumbura ikisafisha maji yake na Uvira ikabaki na mabomba makavu, mgonjwa atavuka. Chombo cha kushughulikia mambo ya pamoja kipo: Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, ina makao yake Bujumbura. Kazi yake imejulikana zaidi kwa mazingira na uvuvi. Burundi, Tanzania na Kongo aidha zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kinachokosekana ni kuyatazama maji ya kunywa ya miji ya bandari kama sehemu ya miundombinu ya ukanda, pamoja na gati na barabara.

Kufunga mpaka si dawa

Mlipuko unapotokea, wazo la kwanza la viongozi wengi huwa ni kufunga njia. Kwa kipindupindu wazo hilo halina nguvu. Watu wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili zozote au huharisha kidogo tu, lakini wanaweza kutoa vimelea kwa siku moja hadi kumi. Dereva aliyepimwa joto mpakani na kuonekana mzima anaweza kuwa amebeba ugonjwa bila kujua. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kuwa karantini na vikwazo vya biashara havisaidii kuzuia kuenea kwa kipindupindu.

Vikwazo hivyo huwekwa hata hivyo, na bili humfikia mfanyabiashara. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Viwanda vya minofu kando ya Ziwa Victoria vilipunguza kazi, na wavuvi wa visiwani, ambao hawakuwa wamemuuzia mtu yeyote samaki mgonjwa, walikosa wanunuzi hadi katikati ya mwaka 1998. Nchini Peru mlipuko wa mwaka 1991 unakadiriwa kuigharimu nchi hiyo dola milioni 770 kwa samaki wasiouzwa na watalii wasiofika.

Karibu zaidi na hapa ni Lusaka. Mwanzoni mwa mwaka 2018 serikali ya Zambia iliwaondoa wachuuzi mitaani kwa msaada wa jeshi, ikafunga masoko kwa usafi na kuahirisha kufunguliwa kwa shule. Miaka sita baadaye, mapema 2024, uwanja wa mpira wa Heroes uligeuzwa kituo cha tiba. Mlipuko huo uliua mamia ya watu. Mfanyabiashara wa Bujumbura anayeagiza bidhaa kutoka Zambia hakuhitaji kuugua ili aguswe.

Wasafirishaji pia wanakumbuka mwaka 2020, foleni za malori huko Malaba na madereva wakisubiri majibu ya vipimo vya korona. Wakati ule bomba la maji halikuwa na uwezo wa kuondoa foleni hiyo. Kwa kipindupindu lina uwezo huo.

Nani alipe

Hoja inayosikika mara kwa mara katika vikao vya wafanyabiashara ni kwamba maji ni kazi ya serikali, na kodi imekwisha lipwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwenye mgahawa wa Nyakabiga analipia maji mara mbili tayari, kwa ankara na kwa bidoni, na mwenye boti analipa mara ya tatu pale baharia wake anapolazwa na safari kuahirishwa. Fedha inatoka hata sasa, ila haijengi chochote.

Uganda ilijaribu njia nyingine katika kisiwa cha Bugala, wilaya ya Kalangala. Kampuni moja, chini ya ubia wa serikali na wawekezaji binafsi, ilipewa kazi ya vivuko, barabara ya kilomita 66, umeme wa jua ukisaidiwa na dizeli, na mifumo ya maji. Mantiki yake ni rahisi kwa msafirishaji kuielewa. Kivuko huleta mizigo, umeme huendesha pampu na majokofu ya samaki, na maji salama huwaweka watu kazini. Mpango wa aina hiyo una matatizo yake, hasa bei na ruzuku ya serikali. Lakini ulitambua kitu ambacho bajeti nyingi hukitenganisha: bandari isiyo na maji ni bandari nusu.

Bandari ya Bujumbura imepata fedha za ukarabati kutoka Japan na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza nchini Tanzania hadi Musongati ulizinduliwa Agosti 2025. Miradi hiyo italeta madereva, vibarua na wachuuzi wengi zaidi katika njia ile ile. Kama kila mkataba wa gati au stesheni utaandikwa pamoja na kituo cha maji yenye klorini na vyoo vinavyohudumiwa, gharama ya nyongeza itakuwa sehemu ndogo ya mradi. Kikiachwa kifanywe baadaye, uzoefu unaonyesha kuwa hufanywa siku ya mlipuko, kwa hema na kwa haraka.

Kilicho mikononi mwa msafirishaji

Yapo mambo ambayo hayasubiri serikali. La kwanza ni maji ya chomboni. Boti inayobeba abiria au wafanyakazi usiku kucha inahitaji tangi lenye mfuniko na bomba lake, maji yake yawe na klorini inayobaki. Mwongozo wa kawaida wakati wa hatari ni miligramu 0.5 kwa lita baada ya kusubiri dakika 30. Vidonge vya kutibu maji vifuate maelekezo yaliyo kwenye pakiti, na maji yenye tope yachujwe kwanza, kwani tope hula klorini.

La pili ni choo. Chombo kinachomwaga haja ziwani karibu na gati kinachafua maji ambayo wafanyakazi wake watanunua kesho.

La tatu ni chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, yaani ORS. Kipindupindu huanza kati ya saa 12 na siku tano baada ya maambukizi, na huua kwa kukausha mwili, wakati mwingine kwa saa chache. Pakiti kumi kwenye kabati la lori au la nahodha huweza kumfikisha mgonjwa hospitalini akiwa hai. Kumficha utingo anayeharisha ili lori lisicheleweshwe mpakani ni kosa linaloweza kugharimu roho yake na za wengine.

La nne ni sauti. Vyama vya wasafirishaji na vyumba vya biashara huuliza kila mwaka kuhusu mizani, vizuizi vya barabarani na viwango vya ushuru. Havijazoea kuuliza: pampu za maji za Bujumbura, Uvira, Rumonge na Kigoma zilisimama siku ngapi mwezi uliopita? Takwimu hiyo ikichapishwa kila mwezi, mwenye boti ataisoma kama anavyosoma hali ya upepo.

Hali ya sasa haitoi nafasi ya kusubiri. Mwaka 2024 maji ya ziwa yaliyopanda yaliingia tena Gatumba, na mafuriko yakifika katika vyoo vya shimo, maji ya ziwa na ya choo huwa kitu kimoja. Mwanzoni mwa 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi wakikimbia vita. Desemba mwaka huo mapigano yalipofika Uvira, maelfu wengine wakafuata. Mji wenye mabomba yanayokatika unapokea watu wengi zaidi wanaohitaji maji yale yale.

Nchi za dunia kupitia mpango wa mwaka 2017 ziliahidi kupunguza vifo vya kipindupindu kwa asilimia 90 ifikapo 2030. Katika ukanda huu ahadi hiyo itapimwa Nyakabiga, Uvira na Kagunga, asubuhi, mtu anapofungua bomba kabla ya kwenda kazini. Maji yakitoka, boti ya jioni itaondoka na mabaharia wake wote.